Jumapili Isiyokuwa Daftarini

Macho ya Mbonile Nzunda yaliungua siku ya Jumapili. Yangeungua Jumamosi au Jumatatu, mkewe Ferista asingelazimika kujifunza maneno yote yale ya sheria, ambayo baadaye aliyajua kwa moyo kama nyimbo za kanisani.

Mbonile alikuwa mfanyakazi wa tanuri la chokaa karibu na Nanyala, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kazi yake ilikuwa kumwagia maji mawe yaliyokwisha kuchomwa. Jiwe la chokaa likitoka motoni na kupoa linaonekana halina neno, jeupe, jepesi mkononi. Ukilimwagia maji linaamka. Linafura, linapasuka, linachemka lenyewe bila kuni, ndipo linapogeuka unga. Kwa kazi hiyo mtu alitakiwa avae miwani ya kukinga macho. Jozi tatu zilizoletwa mwaka wa sabini na tano zilikuwa zimevunjika zote, na kila alipoulizwa, meneja, Ndugu Nathanaeli, alijibu kwamba nyingine zimeagizwa Dar es Salaam.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tisa, katibu wa kamati ya wafanyakazi alipanda juu ya rundo la mawe akatangaza:

"Ndugu wafanyakazi, Jumapili tunajitolea. Zahanati ya kijiji inataka chokaa. Asiyefika atanieleza Jumatatu, na mimi nitamweleza meneja."

Katibu huyo aliitwa Yonathani, na alikuwa kaka yake Ferista, mtoto wa kwanza kwao. Ndiye aliyempatia Mbonile kazi pale tanurini miaka sita nyuma, alipomwoa dada yake. Kwa hiyo Mbonile aliporudi nyumbani na habari hiyo, Ferista hakuona la kubishania. Alikuwa amekwisha fua shati la mumewe la kwenda nalo Mbozi Mission, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani. Alilikunja, akalirudisha sandukuni.

Jumapili saa nne asubuhi jiwe kubwa lilipasuka karibu mno. Uji wa chokaa ukamrukia Mbonile usoni. Wenzake walikimbilia pipa la maji, wakakuta limebaki tope chini, kwa sababu mwenye ufunguo wa pampu hakuitwa siku hiyo. Wakamkokota mpaka kijitoni, mwendo wa robo saa, naye akipiga kelele kwamba moto uko ndani, uko ndani. Walipoanza kumnawisha, chokaa ilikuwa imekwisha fanya kazi yake machoni.

Daktari alimweleza Ferista kwenye ukumbi wa hospitali, kwa sauti ya chini, kwamba jicho la kulia limekufa na la kushoto litaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa blanketi jeupe.

Mwisho wa mwezi mshahara haukuja. Ferista akamfunga mtoto mdogo mgongoni akaenda kwa meneja.

Ndugu Nathanaeli alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo Ferista aliiamini. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaligeuza ili aone mwenyewe.

"Tazama, mama. Jumamosi, jina lake lipo. Jumatatu, halipo, alikuwa hospitali. Jumapili hakuna ukurasa."

"Lakini aliungulia hapa hapa, Ndugu Meneja."

"Aliungulia hapa, sikatai. Ila hakuwa kazini. Alikuwa anajenga taifa." Akafunga daftari. "Tutamwandikia cheti cha kumshukuru. Na blanketi moja nimeagiza apewe."

Blanketi lilikuja. Lilikuwa jeupe, na Ferista alilitazama muda mrefu kabla ya kulitandika.

Mwezi uliofuata alipanda treni mpaka Mbeya. Mtu fulani kanisani alimwambia kuna ofisi ya kazi ya serikali, na kwamba mtu akiumia kazini sheria inamjua. Afisa kazi aliitwa Bwana Ishaka, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumkatiza. Ferista alipomaliza kueleza, Bwana Ishaka alitoa kitabu chenye jalada lililochakaa, akaweka kidole mahali.

"Mama, sheria ya fidia haiulizi kama mumeo alikuwa mwangalifu. Haiulizi hata kama mwajiri ana roho mbaya. Inauliza jambo moja. Je, aliumia akiwa kazini, na kwa sababu ya kazi hiyo? Ikiwa ndiyo, tajiri wake anapaswa kulipa. Macho yote mawili huhesabiwa kama mwili mzima."

"Aliumia kazini."

"Mimi nakuamini. Mahakama itataka mtu wa kuiambia kwamba haikuwa hiari. Nani aliwaita Jumapili ile, na kwa maneno gani? Na ile chokaa ilikwenda wapi?"

"Zahanati."

"Uliiona ikifika zahanati?"

Ferista alitikisa kichwa. Zahanati ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani kwake, na kuta zake zilikuwa bado matofali matupu.

"Basi kaulize," alisema Bwana Ishaka. "Na usikae. Miezi kumi na miwili ikipita tangu siku aliyoumia, madai yanakufa."

Aliuliza. Wenzake Mbonile, waliomkokota mpaka kijitoni, walimkaribisha ndani, wakampa uji, wakatazama chini. Mmoja alisema ana watoto saba. Mwingine alisema hakusikia vizuri siku ile ya tangazo, upepo ulikuwa mkali. Ila mke wa huyo wa pili alimsindikiza mpaka njiani, akamwambia bila kumtazama kwamba chokaa ya Jumapili ilipakiwa kwenye lori la Makame wa Tunduma.

Makame alikuwa mtu wa Pwani aliyehamia mpakani tangu barabara ya lami ilipofika. Ferista alimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya lori, miguu imetokeza. Alisubiri mpaka atoke. Makame alijifuta mikono, akamsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya tairi.

"Dada, nilipakia mifuko mia na ishirini. Nikajiuliza mwenyewe, zahanati gani itakula mifuko mia na ishirini? Lakini mimi mtu wa lori. Naambiwa peleka, napeleka. Nikaishusha hapa hapa Tunduma, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi."

"Utayasema hayo mbele ya hakimu?"

"Nikiyasema, sipati tena mzigo wa pale."

"Najua," alisema Ferista.

Alitaka kusema zaidi, kwamba mumewe anajigonga kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwamba mtoto mdogo anamwogopa baba yake. Makame alitazama mikono yake yenye grisi.

"Siwezi kukuahidi leo, dada. Nenda. Nitafikiri."

Kwa kaka yake alikwenda mwisho, akiwa hana wasiwasi. Yonathani alimchinjia kuku. Walikula, na baada ya kunawa Ferista akamuuliza:

"Kaka, Ijumaa ile ulisema nini juu ya mawe?"

"Unajua nilichosema."

"Nataka nikisikie kwako."

Yonathani aliguna. "Nilisema asiyefika atanieleza, na mimi nitamweleza meneja."

"Na aliyekutuma useme hivyo ni nani?"

"Meneja. Aliniita ofisini asubuhi."

"Basi kaseme hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Yonathani aliinamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya uongo. "Mbonile ni shemeji yangu, mimi ndiye niliyemtia pale. Nitasema, Ferista. Nisiposema, nitamtazamaje?"

Ferista alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Wewe utamtazama. Yeye ndiye hatakuona."

Kesi ilisikilizwa mwezi wa sita mwaka uliofuata. Ferista alimwongoza mumewe kwa mkono, amemvalisha shati la kanisani. Bwana Ishaka alikuja kutoka Mbeya kusimama upande wao, akiwa na barua ya daktari na nakala ya sheria. Ndugu Nathanaeli alikaa mbele na wakili.

Makame alikuja. Aliingia na kofia yake mkononi. Alieleza yote bila kupepesa macho, mifuko mia na ishirini, siku, saa, na duka alikoshusha. Ndugu Nathanaeli aliposimama hakukanusha. Alisema kweli chokaa iliuzwa, na fedha zake zilitengwa kwa ajili ya mabati ya zahanati, ambayo kwa bahati mbaya hayapatikani madukani. Watu waliokuwa wakisikiliza waliguna, maana mwaka ule hakuna kilichopatikana madukani.

"Shahidi," wakili alimuuliza Makame, "ulisikia wafanyakazi wakiamriwa kuja?"

"La. Mimi nilikuta wanafanya kazi."

"Kwa hiyo hujui kama walilazimishwa au walipenda."

"Sijawahi kumwona mtu anapenda chokaa," alisema Makame. Watu walicheka, na hakimu akawanyamazisha. Jibu halikuandikwa.

Kisha akaitwa Yonathani. Alikuwa amevaa suti mpya ya kijani, ya mikono mifupi. Alikula kiapo kwa Biblia. Bwana Ishaka alimuuliza maneno gani aliyatamka siku ya Ijumaa.

"Niliwaomba wenzangu tujitolee kwa ajili ya zahanati."

"Uliwaomba?"

"Ndiyo. Hakuna aliyelazimishwa."

"Hukusema kwamba asiyefika atakueleza Jumatatu, na wewe utamweleza meneja?"

Yonathani alimeza mate. "Yale yalikuwa maneno ya utani. Ya kuhamasishana tu."

Mbonile aligeuza uso wake kuelekea ilikotoka sauti.

"Ferista," aliuliza kwa nguvu, kama watu wasioona wanavyosahau kwamba wengine wako karibu, "huyo ni Yona anayesema?"

Ferista alimshika mkono akaubana, na mkono wa Mbonile ukaelewa.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Hakimu alisema moyo wake unamhurumia mdai, na kwamba angekuwa kazini siku ile angelipwa bila swali. Lakini, mbali na mdai mwenyewe, shahidi pekee aliyejua jinsi wafanyakazi walivyoitwa alikuwa katibu wao mwenyewe. Katibu huyo ni shemeji wa mdai, kaka wa tumbo moja wa mkewe. Mtu kama huyo hawezi kuwa na sababu ya kuwadhulumu ndugu zake. Kwa hiyo mahakama inamwamini. Madai yanatupwa.

Nje, Bwana Ishaka alivua miwani yake akaifuta, akamwambia Ferista kuna siku thelathini za kukata rufaa.

"Kwa shahidi yupi?" aliuliza Ferista.

Bwana Ishaka alimpa mkono Mbonile, akaushika kwa muda, akaenda kutafuta usafiri.

Makame hakupata tena mzigo wa tanurini. Kabla ya mwisho wa mwaka aliuza lori. Yonathani naye, mwezi wa tisa, alipata barua ya kwenda masomo ya uongozi ya miezi tisa, nafasi ambayo meneja alikuwa amemwombea tangu kabla ya kesi.

Wiki moja kabla ya kuondoka alikuja kuaga. Alileta sukari kilo mbili, kitu ambacho siku zile mtu aliweza kupanga foleni tangu alfajiri asikipate. Aliiweka mezani. Mbonile alikuwa ameketi pembeni akipukuchua mahindi kwa vidole.

"Shemeji," alianza Yonathani, "nilikuwa nimefungwa mikono. Wangenifukuza, na nyinyi msingepata kitu vilevile. Nikirudi nitakuwa na cheo. Nitawasaidia."

Mbonile aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zikianguka kwenye ungo.

"Yona," alisema mwishowe, "macho yangu sikudai kwako. Kwako nilidai maneno uliyoyasema mwenyewe juu ya mawe. Hayakukugharimu kitu kuyasema mara ya kwanza."

Yonathani aligeuka kwa dada yake. Ferista alichukua ile sukari akaiweka kwenye kabati.

"Hii naipokea," alisema, "kwa sababu watoto hawana kosa. Wewe nenda, treni isikuache."

"Treni ni wiki ijayo, mdogo wangu."

"Nenda hivyo hivyo."

Mwezi wa kumi na moja akiba ya mahindi ilikwisha, na Ferista akaenda tanurini kuomba kibarua. Ndugu Nathanaeli alimpa, tena kwa upole, akamwambia kampuni haiwasahau watu wake. Alipangwa na wanawake wanaoponda mawe. Asubuhi ya kwanza nyapara alimpa nyundo, akamwonyesha rundo. Ferista hakuipokea.

"Daftari liko wapi?"

"Daftari linaandikwa jioni."

"Mimi nitaanza likishaandikwa."

Nyapara alicheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Wanawake wengine walikuwa wameacha kuponda. Mmoja, mama mzee aliyeitwa Loisi, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa waliomkokota Mbonile, aliweka nyundo yake chini, akaketi juu ya jiwe, akakunja kanga magotini. Yule wa pembeni yake akaketi pia.

Jua lilikuwa limekwisha pasha mawe joto nyapara alipokwenda ofisini, akitembea polepole ili isionekane anaamriwa. Alirudi na daftari kwapani. Ferista alisimama karibu na bega lake, akasoma tarehe, akamtajia jina lake herufi moja moja, akangoja mpaka wino ukauke. Kisha akainama akachukua nyundo, akafunga kitambaa usoni, maana miwani kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado haijafika.