Basi Limeshapita Dodoma

Saa nane mchana Rwegoshora anajilaza kwenye kochi la sebuleni kwake Dar es Salaam, punde tu baada ya kumwambia mdogo wake Kokuleba kwenye simu kwamba basi limeshapita Dodoma. Basi gani? Hajapanda basi lolote. Mama yao anaumwa kule Bukoba, hali si nzuri, na jana Kokuleba alimsihi kaka yake aondoke alfajiri. Lakini Rwegoshora ni mpima ardhi, alikuwa na kiwanja cha kumalizia, na hesabu anaziweza: kwa barabara ni kilomita kama elfu moja na mia nne, mpaka ulale njiani, kwa ndege ni saa mbili na ushei. Akiruka kesho asubuhi atafika sawa na basi la leo, na nani atajua? Tatizo ni mama. Ameomba aambiwe kila mji mwanawe anaoupita, na kila akisikia jina la mji anakubali kunywa uji kidogo. Basi Rwegoshora amempa Morogoro, amempa Dodoma, na sasa nafsi inamsuta, na usingizi unamchukua hivyo hivyo.

Anashuka kochini anakanyaga lami. Yuko Morogoro, ile aliyoisema kwenye simu, milima imehamia upande usio wake na maandishi ya madukani yanasomeka kinyumenyume. Stendi imejaa watu wasio na nyuso, wote na simu masikioni, wote wanasema wako njiani, wamekaribia, wako hapo kwenye kona. Mmoja anaandamana naye. Rwegoshora anakunjua futi kamba apime barabara, lakini kila akiivuta barabara nayo inavutika, na Dodoma inakuja, inapita, inakuja tena. Anauliza Bukoba ni mbali kiasi gani. Inategemea anayekwenda ni nani, anajibiwa. Kwa ndege je? Ndege itatumia saa mbili, wewe utatumia siku mbili kuamua. Rwegoshora anaona aibu, maana ni kweli. Barabara inapanda angani, ziwa liko juu na mawingu yako chini, kisha njia ya hewani na ya ardhini zinakutana nyuma ya migomba, mlangoni kwa mama. Ndani anamsikia akikohoa, naye anaharakisha aingie. Yule asiye na uso anamzuia kwa mkono. Mko wawili, anasema, na mlango ni wa mmoja, aingie nani? Rwegoshora anageuka, anajiona mwenyewe amesimama ubavuni pake, miguu imejaa vumbi la safari. Aingie anayempenda mama zaidi, anajibu, na papo hapo anaanguka.

Yuko kochini. Ni saa tisa, jua linawaka dirishani. Anapiga simu. Kokuleba, nimekudanganya, sijatoka Dar. Mwambie mama anisamehe, natafuta ndege ya jioni hii hii.

Kokuleba anacheka, cheko la mtu aliyechoka. Kaka, acha utani, anasema. Umeingia sasa hivi, umekaa kitandani kwa mama, unanipigia simu ya nini na mimi niko chumba cha pili?

Halafu kwa mbali Rwegoshora anamsikia mama akiuliza kama ni yeye kweli, na sauti yake mwenyewe inajibu, taratibu: Ni mimi, Ma. Nimefika.