Mita Saba za Nguo Zijazo

Mimi nina sharti moja, na kwa sharti hilo nimeshapoteza wateja wengi: sikati ubao wa kabati kabla sijaziona nguo zenyewe. Zitolewe zote, zilazwe kitandani, nizipime. Mtu akiniambia, "Wewe jenga tu fundi, nguo zipo," huwa najua hazipo.

Mteja wangu safari hii alikuwa amepandishwa cheo, amekuwa msaidizi wa mkuu wa idara. Cheo kilikuwa na wiki tatu tu, lakini kilishamwingia hadi kwenye mwendo. Hata sebuleni kwake alitembea akikagua. Moyoni nikambatiza Msaidizi. Alikwenda kumtembelea Mkuu wake, akaoneshwa chumba kizima cha nguo, chumba ambacho mtu anaingia na kuzunguka humo akichagua shati. Tangu siku hiyo alikosa raha. Mkuu naye angekuja kwake Jumamosi ya wiki iliyofuata, na chumba kama hicho kilitakiwa kiwe tayari.

"Ni hiki hapa," mke wake akaniambia, akifungua mlango.

Ndani palikuwa na mtu. Bibi mmoja alikuwa ameketi dirishani mbele ya cherehani ya miguu, utepe wa kupimia shingoni, anapinda suruali. Alikuwa mama mzazi wa Msaidizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, usikanyage pini."

"Mama anahamia stoo," Msaidizi alisema, kama anayesoma tangazo ubaoni. "Kule kuna utulivu."

Cherehani ndiyo iliyojibu, trrr, ikamaliza pindo.

Msaidizi akanikabidhi mchoro alioupiga kwa rula kwenye karatasi ya ofisini. Lazima niseme, aliuchora vizuri. Chumba kilikuwa mita tatu kwa mbili na nusu. Kulia na kushoto mabomba ya kutundikia nguo, jumla mita saba ukihesabu na yale ya juu. Ukutani rafu za viatu, jozi arobaini. Katikati njia ya sentimita tisini, ili mtu aweze kugeuka na koti lake bila kukwaruza. Dirisha lizibwe, papachikwe kioo cha kujitazamia, maana jua linafubaza nguo.

"Na stoo nipime?" nikauliza.

"Stoo ya nini?"

Nikaenda kuipima kwa hasira zangu mwenyewe. Mita moja na nusu kwa moja na tisini. Kitanda cha mama kilikuwa na upana wa sentimita tisini, kwa hiyo kando yake zingebaki sitini. Mlango, wenye sabini, ulifungukia ndani. Maana yake ungegonga kitanda kabla haujafunguka wote, na mama wa watu angekuwa anaingia kwake kiubavu maisha yake yote. Cherehani ndiyo kabisa, haikuwa na pa kukaa. Dirisha hakuna. Nikaandika vipimo hivyo chini ya mchoro wake, kwa penseli nene, nikamrudishia.

Alivitazama. "Mama ni mwembamba," akasema.

Hapo nikahisi damu inanipanda. Ningeweza kubeba mkoba wangu nikaondoka, lakini nikakumbuka sharti langu. "Sawa, bosi. Leteni nguo."

Wakaanza kuleta. Mwanzoni kwa mbwembwe, mke akibeba magauni kwa mikono miwili, halafu kasi ikapungua, halafu wakawa wanatafutatafuta. Suti nne, mashati tisa, magauni saba, viatu jozi kumi na moja pamoja na kandambili. Nikazitundika nguo kwenye bomba la majaribio, nikaziachia na nafasi ya kupumua, nikanyoosha tepu.

"Mita moja na sentimita ishirini," nikasema.

"Pima tena," mke akasema.

Nikapima tena. Nguo hazikuwa zimezaa.

"Sasa hizi mita nyingine tano na sentimita themanini ni za nini?"

"Za nguo zinazokuja," Msaidizi akajibu bila kupepesa. "Mtu anajenga kwa kuangalia mbele."

"Na mama aingie kiubavu kwa ajili ya nguo ambazo bado ziko dukani?"

Mke akanitazama jicho la pembeni. Msaidizi akaanza kusema kwamba fundi analipwa kujenga, si kuhoji. Kabla hajamaliza, mama akawa amesimama mlangoni, akaja hadi kitandani, akanyanyua suti ya kijivu, akaikunjua kola. Lebo ya ndani ilikuwa ya ng'ambo, imetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mimi sina ubishi, mwanangu," akasema. "Nyumba ni yako. Stoo nitaingia, kiubavu au kinyumenyume. Lakini cherehani haiingii, na hata ingeingia, gizani sioni tundu la sindano. Koti hili nimeshalitanua mara mbili tangu upate cheo, na Jumamosi litataka mara ya tatu. Tafuta fundi mwingine. Na hizi lebo unazozikata kwenye mitumba ukaniletea mfukoni, mpelekee yeye akushonee. Mafundi wa barabarani ni watu wazuri sana. Ila wana midomo."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imesimama pale katikati yetu na utepe shingoni. Msaidizi akaichukua ile suti, akaikunja kola. Mke wake ndiye aliyepata akili kwanza.

"Fundi," akasema polepole, "hebu kapime ukuta wa chumbani kwetu."

Nikawajengea kabati la kawaida, mita moja na nusu, na hapo niliwaonea huruma. Mbao zilizobaki nikamtengenezea mama meza ya kukatia vitambaa, chini ya dirisha lake, kwa kimo alichokipima mwenyewe kwa kiwiko.

Jumamosi nilikuwa nafunga droo ya meza hiyo Mkuu alipowasili. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mwenyeji alikuwa anatota jasho. Mkuu hakutaka hata kuketi. "Chumba cha nguo ulichonisimulia kiko wapi?" akauliza, na kwa kuwa mlango wetu ulikuwa wazi kidogo, akausukuma.

"Na huyu ni nani?"

Mama alisimamisha mguu kwenye kanyagio. Mimi nikasimamisha bisibisi.

Msaidizi akaitazama ile cherehani. "Huyu ni... fundi wangu wa nguo. Anaishi hapa hapa."

Nilitamani kumchoma na ile bisibisi. Mama aliinamisha kichwa, akakata uzi kwa meno. Sijawahi kuona uzi unakatwa kwa uchungu namna ile.

Mkuu akamtoa Msaidizi nje kwa kidole, akafunga mlango, akavua koti. Mimi hakunihesabu. "Mama, hapa kwapani pananibana."

Kwa mazoea mama akaikunjua kola kwanza. Akaitazama lebo, akamtazama mwenye koti.

"Lebo hii nani kaishona? Uzi siyo wenyewe."

Mkuu akatazama mlango, akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

"Mke wangu," akanong'ona. "Anajitahidi. Unaweza kuirekebisha?"

"Naweza."

Mkuu akafungua mlango amechangamka. "Una bahati, bwana! Mama kama huyu umempata wapi?"

"Ni mama yangu!" Msaidizi akadakia, akijipenyeza kuingia. "Mama yangu mzazi, aliyenizaa!"

Mama alikuwa ameshaanza kufumua lebo. Hakuinua macho.

"Koti liache, mheshimiwa, uje Jumatano," akasema. "Na ninyi wote nipisheni, nina kazi. Wewe wa mbao baki. Mlango huu nataka uniwekee komeo."

"Upande gani, mama?"

"Wa ndani."

Nilikuwa nalo moja kwenye mkoba. Nililifunga papo hapo, Msaidizi akiwa upande wa nje.