Prosesa Iliyokuwa Inashuka Bei

Jumanne mpwa wangu, tunayemwita Penseli kwa kuwa anachora ramani za nyumba, alinipa bahasha ya pesa na karatasi yenye jina la prosesa. Ni kidude kidogo kama stempu, lakini ndicho kichwa cha kompyuta, na cha kwake kilikuwa kimechoka. Kila akifungua mchoro mkubwa, kompyuta inaganda. Mteja wake mkubwa wa kwanza alitaka kuiona nyumba yake kwenye skrini, vyumba vyote, Jumamosi saa sita mchana. La sivyo, kazi anampa mwingine.

"Ukifika tu, nunua," alisema. "Mimi siwezi kuinuka hapa, michoro haijaisha."

Nikafika. Dukani yuko mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Juu ya kioo amebandika karatasi ya punguzo.

"Mbona mmeshusha?"

"Ijumaa yanaingia matoleo mapya, mzee. Hizi tunaziondoa."

"Kesho zitashuka tena?"

"Huenda."

Hapo ndipo nilipoharibu. Miaka yote, kila mji niliopita, nyanya nimenunua jioni, watu wakianza kukunja maturubai. Muuzaji hataki kurudi nazo nyumbani; ukijifanya huna haja, atakuita mwenyewe. Nikaona prosesa nazo ni vilevile. Nikaondoka mikono mitupu.

Jumatano zikashuka. Nikampigia Penseli kumpa habari njema.

"Umenunua?"

"Bado. Zinashuka."

"Mjomba, usinifanyie hivyo."

"Tulia. Nakuokolea pesa."

Alhamisi zikashuka zaidi. Nikatembea mjini kifua mbele, kama mtu aliyeuza ng'ombe.

Ijumaa asubuhi karatasi ya punguzo haipo. Maboksi mapya yanang'aa kwenye rafu, na prosesa yetu bei imepanda kuliko ya Jumanne.

"Mama, nieleze polepole. Mpya imeingia, ya zamani ikapanda?"

"Mpya haikai kwenye bodi za zamani, zile sahani za kuichomekea. Ukiitaka, ununue na bodi nyingine, na memori nyingine. Jana watu walipojua hilo wakaja kuzizoa hizi. Imebaki moja."

"Lakini nyanya iliyolala haipandi bei."

"Mzee, mimi nyanya siuzi."

Bwana mmoja nyuma yangu akaniegemea. "Usidanganyike. Wiki ijayo wanaobadilisha kompyuta watauza zilizotumika, bei ya kutupa."

"Hizo atakazouziwa zimeungua," mama akamjibu.

"Si zote."

"Utamchagulia wewe?"

Nikawatazama, huyu kisha yule. Kila aliyefungua mdomo aliniingia akilini, na kila aliyefuata akamfuta mwenzake. Nikampigia Penseli.

"Ninunue leo au wiki ijayo?"



"Mjomba, Jumamosi ni lini?"

"Kesho."

"Haya."

Nikatoa bahasha, nikajazia na nauli yangu, nikaenda kwake kwa miguu. Nilimkuta ameshaifungua kompyuta, bisibisi mdomoni. Hakuniamkia. Akanipa tochi, nikammulikia. Akaichomoa ile iliyochoka, akaifuta vumbi pembeni, akaiweka niliyoleta kwa ncha za vidole.

"Nyumba itamaliziwa?" nikauliza.

"Sebule na jiko, ndiyo. Mashine inahitaji siku mbili kuvitoa vyumba vyote kwenye skrini. Vya nyuma vitabaki vitupu."

"Ningeinunua Jumanne?"

"Vingekuwepo."

"Hata kwa bei ile?"

"Kwa bei yoyote, mjomba."

Bado nilitaka kuelewa ni saa ngapi hasa ingefaa kununua, Alhamisi mchana au Alhamisi jioni. Nikafungua mdomo.

"Mteja atakubali sebule na jiko?"

"Sijui," akasema. "Inua tochi, unamulika ukuta."