Bafle za Papa Gamaliel

Siku tatu sanduku la vyombo vya Nadège lilikaa chini ya kitanda cha Papa Gamaliel, na siku tatu Nadège hakutengeneza hata redio moja. Ndani yake mlikuwa na chuma chake cha kulehemu, bisibisi zake na kipimo cha umeme. Bila vyombo hivyo hana kazi. Gamaliel alilibeba mwenyewe kutoka kwenye meza ya Nadège sokoni, mbele ya watu, akisema halirudi mpaka mwizi arudishe sumaku za bafle zake, spika kubwa za muziki.

Sumaku hizo Nadège hakuzigusa. Alipotengeneza bafle alibadilisha waya mmoja ulioungua, basi. Lakini mbele ya watu wengi hajui kujitetea. Aliinama kukusanya waya zake, na soko likafanya hilo kuwa jibu.

Siku ya nne, saa nane mchana, alipanda kilima hadi kwa Gamaliel.

"Mwizi amekuya na miguu yake! Umeleta sumaku?"

"Nimekuya kusikiliza, Papa."

"Sikiliza basi!" Akafungua muziki kwenye redio. Sauti ilitoka nyembamba, besi zikikoroma kama mtu mwenye mafua. "Bafle hizi nilinunua Beni, zilikuwa zinatikisa vikombe ndani ya kabati. Ulizirudisha asubui, zikaimba muzuri. Muchana, zikakufa! Masomo uliachia mwaka wa ine, lakini kuiba, uko na diplôme!"

Mke wake, Jokébed, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alicheka.

"Asubui sana ziko muzuri kila siku," alisema. "Na dimanche zinaimba siku muzima. Ziko na dini kupita huyu binti."

Dimanche, Jumapili. Nadège alitazama dirishani. Chini ya kilima, wanawake wenye magunia ya mihogo mikavu walipanga foleni kwenye moulin ya Gamaliel, mashine yake ya kusaga unga. Gamaliel ni mzee wa kanisa, dimanche hasagi. Na waya mweusi ulitoka moulin, ukapita juu ya migomba, ukaingia nyumba hii.

Taa za sebuleni ziliwaka nyeupe, lakini hizo za siku hizi haziungami kitu, umeme ukipungua hazififii. Nadège alitoa mfukoni ampuli ya zamani, balbu yenye uzi ndani, akaiunga kwenye umeme kando ya redio. Uzi ulikuwa mwekundu kama kaa linalokufa.

"Papa, simamisha moulin."

"Ju ya nini? Iko kule chini, inaingilia nini na muziki yangu?"

"Acha ajaribu, tucheke vizuri," Jokébed alisema, akatoka uani na kupaza sauti: "Abdias! Zima!"

Wanawake wa foleni wakapokezana neno, na Abdias, msagaji, akazima. Ampuli ikawa nyeupe. Papo hapo besi zikaingia nyumbani kwa kishindo, vikombe vikagongana kabatini. Jokébed akaacha kucheka.

"Courant ni moja," Nadège alisema, akionyesha waya mweusi wa umeme. "Moulin inakula, bafle zinabakia na makombo."

Gamaliel aliingia chumbani, akarudi na sanduku, akalitupa miguuni pa Nadège.

"Chukua, toka. Usikanyage hapa tena."

Nadège alichomoa ampuli yake tu.

"Ulilibeba weye mwenyewe mbele ya soko, Papa. Ulirudishe vile vile."

"Litaoza hapa!"

"Lioze."

Akashuka. Moulin ikiwa imezimwa, wanawake wa magunia walikuwa wamesikia yote, na habari yao ilifika sokoni kabla yake.

Kesho yake, kabla meza hazijafunguliwa, Gamaliel alikuja sokoni na sanduku begani, akachagua saa ambayo hakuna wa kumwona. Alilitua mezani kwa Nadège, akageuka aondoke.

"Ngoja, Papa," Nadège alisema. "Niangalie kwanza kama hakuna kitu kimepotea. Sitaki kuita mutu mwizi bule."

Gamaliel akasimama, uso umekunjamana. Nadège alitoa bisibisi ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mezani. Akatoa ya pili, akaifuta. Hakuwa na haraka. Alifika kwenye kipimo cha umeme soko likiwa limejaa, Gamaliel bado amesimama mbele ya wote.