Mkono wa Odil na Mkate wa Meno Matatu

Mwanangu Odil ana mikono miwili, na ule uliokufa ndio uliotunyima raha nyumba nzima. Ukiuchoma sindano, hausikii. Nilijaribu mwenyewe siku moja akiwa ameangalia pembeni, Mungu anisamehe. Lakini mkono huohuo usiosikia sindano ulikuwa ukimuungua asubuhi mpaka asubuhi. Alisema ni kama ameutia kwenye tanuri na mtu kaufunika huko ndani. Na Odil tanuri analijua. Miaka kumi na minane ameinamia tanuri la marehemu baba yake hapa Margilon, akibandika mikate kwenye ukuta wa moto kwa mkono huo wa kulia. Alipokuwa anaungua kweli hakuwahi kulalamika.

Mwezi wa saba alipakia magunia ya unga kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, akamkwepa ng'ombe wa watu, akarushwa, akaangukia bega. Mfupa haukuvunjika. Tukashukuru, tukapika pilau, tukala. Kumbe mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ilikuwa imeng'oka kama kitunguu shambani.

Mwezi wa tisa akapelekwa Toshkent, mji mkuu, kupasuliwa. Siku anaondoka aling'ata mkate mara moja, kama tunavyofanya kwa msafiri, nikautundika kwenye msumari umsubiri arudi aumalize. Daktari wa huko, kijana mwenye masikio makubwa, alichukua mishipa ya mbavuni, ile inayosaidia kupumua, akaiunga kwenye mkono. Alitueleza taratibu kama anaongea na mbuzi:

"Mishipa inaota polepole. Kila siku toa mkono nje, vuta pumzi ndefu, na huku unavuta, jaribu kuukunja. Msitegemee kitu kabla ya miezi sita."

Odil akarudi. Nikamshushia mkate wake. Akautazama, akanirudishia.

"Siumalizi, mama. Aliyerudi siyo mimi mzima."

Mkate ukarudi msumarini. Mwezi wa kwanza panya wakaumaliza wao. Niliogopa akiona ukuta mtupu atachukulia ni ishara mbaya, basi nikatundika mwingine, nikaung'ata mimi. Mbele nina meno matatu. Nilidhani hakuna atakayehesabu.

Wiki za mwanzo alifanya alivyoagizwa. Anakaa kwenye kitanda cha uani, anavuta pumzi mpaka macho yanamtoka, mkono umelala tu. Halafu akaacha. Baridi ilipoingia mimi nikaufunga: sufu ya kondoo, hirizi juu yake, kisha mshipi wa marehemu mume wangu, mizunguko mitano, mkono ukakazwa kifuani kama mtoto mchanga. Daktari alisema toa mkono nje. Mimi nilisikia usipigwe na baridi. Masikio makubwa alikuwa nayo yeye, siyo mimi.

Odil akawa hakai. Geti, tanuri, mti wa aprikoti wa baba yake uliogoma kuzaa, geti tena. Akikaa kula, ananyanyuka na kijiko mkononi. Mke wake Gavhar ndiye aliyeshika tanuri sasa, nywele za mkono zimemuungua zote. Odil hawezi kusimama karibu naye, na hawezi kukaa mbali.

"Unga wako mlegevu."

"Njoo ukande wewe."

Hapo anageuka, anakwenda getini.

Siku moja mwezi wa pili akatutangazia, amesimama, chai inapoa:

"Sikukuu ya Navruz ikipita naenda Toshkent wakaukate."

"Wakate nini?" nikauliza, kama sijui.

"Huu. Nimechoka kubeba moto."

Gavhar akampigia daktari simu. Daktari akasema mkono waweza kukatwa na maumivu yakabaki palepale, kwa sababu hayakai mkononi, yanakaa pale mishipa ilipong'oka. Tukamwambia Odil.

"Basi yabaki," akasema. "Angalau yatakuwa mepesi."

Navruz ikapita. Asubuhi ya safari teksi ikasimama getini, Gavhar kabeba begi, macho mekundu, anasema ni moshi wa tanuri. Jirani yangu Salomat akaja na kikaango chenye makaa na isiriki, yale majani makavu tunayofukizia kijicho. Salomat huamini kijicho kuliko anavyoamini jua litachomoza.

"Odil, geuka nikufukize."

"Mama Salomat, niache, dereva anapiga honi."

"Apige. Honi haijaua mtu," nikasema mimi. "Salomat, ongeza."

Nilikuwa na nia mbaya, nikiri. Nilitaka moshi uwe mwingi mpaka teksi iondoke. Nikampokonya kikaango nikakipuliza kwa nguvu zangu zote usoni pa mwanangu. Akakohoa. Akakohoa tena, ameinama, mate yanamtoka.

Mshipi kifuani ukaruka.

"Panya!" akapiga kelele Gavhar, na kabla sijamzuia akavua kandambili akamtandika mumewe mkononi, pa! Odil hakusikia kitu.

"Unanipigia nini?"

"Kuna panya kwenye sufu! Nimemwona!"

Tukafungua. Mizunguko mitano, hirizi, sufu. Panya hakuna. Ulikuwepo mkono tu, mweupe, mwembamba kama mpini.

"Kohoa," nikamwambia.

"Mtu hakohoi kwa amri, mama."

"Salomat, mpe amri."

Salomat akampa moshi. Odil akakohoa, na juu ya kiwiko nyama ikaruka, kama chura chini ya kitambaa kibichi. Kiganja kikasogea. Kidogo, upana wa haragwe. Vidole havikujua lolote.

Getini honi ikanyamaza.

Odil akasukuma kikaango pembeni. Akavuta pumzi ndefu, bila moshi. Chura akaruka. Akavuta nyingine. Akavuta mpaka akayumba, Gavhar akamshika kiunoni.

"Ni isiriki yangu!" Salomat akashangilia.

"Ni mbavu," Odil akasema. "Ni mbavu zangu, mama Salomat."

Mimi nikakunja sufu. Nilikuwa nawaza chura yule karukaruka humo gizani wiki ngapi, kakazwa na mshipi wangu. Hilo sijamuuliza daktari, na wewe usimuulize.

Gavhar akatoka kumwambia dereva aende zake. Nilidhani Odil sasa atakaa. Hakukaa. Moto ulimpanda palepale, akakunja uso, akaanza safari zake, geti, tanuri, mti. Mzunguko wa tatu akasimama ukutani, akaushusha mkate kwa mkono wa kushoto. Akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama."

"Abee."

"Mbele nina meno mangapi?"

"Yote, Mungu kakujalia."

"Huyu aliyeng'ata hapa anayo matatu."

"Ulikuwa na maumivu siku ile. Mtu mwenye maumivu hung'ata vibaya."

Akacheka. Tangu mwezi wa saba sikuwa nimemsikia. Alicheka na mkono ukaruka, maumivu yakamkata hapohapo, akatukana lile tusi alilolipenda baba yake, na bado akawa anacheka. Halafu akautundika mkate pale pale.

"Usiuguse. Nitaumaliza siku nitakayoumega kwa mikono miwili."

Toshkent atakwenda, lakini kuonyesha, siyo kukata. Mpaka sasa ninapoandika namsikia uani: hatua tatu, kikohozi cha kuuamsha mkono, hatua tatu, kikohozi. Unaendelea kumuungua, na hakai. Mtaa mzima unadhani kifua kimemshika, wanatuletea asali, figili na mafuta ya mkia wa kondoo. Nimepokea vyote. Sijamsahihisha mtu.