Uzito wa Mfuko Mtupu

Mfuko ulikuwa mtupu, unabembea polepole kwenye ndoano, na mshale wa mizani ulisoma nusu kilo.

Niliutazama, binti yangu kiunoni bado ananichekea. Dakika moja iliyopita nilikuwa nimemtumbukiza humo kwa kujifurahisha tu, kliniki imekwisha, akina mama wameondoka. Nikaona amefika kilo nane na nusu, nikapiga kigelegele peke yangu kama mwehu. Wiki moja, nusu kilo nzima! Nikamtoa. Mshale ukashuka, ukashuka, kisha ukagoma. Nikaigonga mizani kwa kidole. Mshale haukusogea.

Ndipo asubuhi yote iliponirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha masomo ya jioni, na mtoto wa miezi minane. Shirika moja la misaada lilinikubali nijitolee mwaka mmoja katika nchi ya jirani, kwenye zahanati ya vyumba vitatu, katika bonde la matanuri ya matofali. Mama yangu alinisindikiza kituoni akilalamika njia nzima. "Unakwenda kulea watoto wa watu, na huyu wako atalelewa na nani?" "Na watu hao hao, mama," nikamjibu. Sasa binti anakaribia kuanza shule, na bado naona nilijibu vizuri. Lakini mchana ule sikuwa na hakika kama nastahili kumshika hata mtoto wangu, sembuse wa mwenzangu.

Siku zangu pale zilifanana. Alfajiri napiga deki, natundika mizani kwenye boriti ya baraza, halafu foleni: mvue nguo, mtumbukize, soma, andika kwenye kadi, mrudishe kwa mamake. Na kabla ya mtoto wa kwanza, unatundika mfuko mtupu na kuzungusha skrubu hadi mshale ulale kwenye sifuri. Nesi wa pale alinifundisha hilo siku ya kwanza, akanirudisha mara tano kama mtoto wa chekechea. Jumatano ile mfuko wetu mwepesi ulikuwa umechanika. Nikachukua wa turubai kutoka stoo, mnene kama kiatu. Binti analia, foleni inasukumana. Nikautundika, nikaanza.

Na kila mtoto alikuwa ameongezeka! Ingenitosha hiyo kushtuka. Badala yake nilisoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, na baraza likawa kama la harusi.

"Mgeni leo ana mkono wa baraka," mmoja akasema. "Hebu tupime na sisi!"

"Wewe mizani itakatika, shoga yangu."

Kati yao alikuwapo mama mmoja mfyatua matofali, na mwanawe wa miezi kumi na mmoja. Tulimwita Bwana Mkubwa, kwa jinsi alivyokunja uso kama anasubiri taarifa za wafanyakazi wake. Miezi miwili alikuwa akiletwa kila Jumatano kuchukua pakiti za lishe. Akifika kilo saba, nesi alisema, atatoka kwenye orodha. Wiki iliyotangulia alikuwa na sita na gramu mia saba. Asubuhi ile nikasoma saba kamili.

Mama yake alifunika uso kwa viganja. Wenzake walikuwa wanahamia matanuri mapya, safari ya siku mbili, mahali pasipo na hata duka la dawa. Lori lilikuwa linaondoka saa tisa, kutoka pale matanurini. "Nilishasema nitabaki peke yangu kwa ajili ya huyu," aliniambia. "Sasa naweza kwenda." Nikapiga mstari juu ya jina la mtoto. Wala hakulia ndani ya mfuko, nikaisifu adabu yake. Mtoto mwenye nguvu hulia mle ndani, hupiga mateke, hukukojolea mkono. Hilo nalo nilikuwa nimefundishwa.

Saba, toa nusu. Sita na nusu. Hakuwa amepanda. Alikuwa ameshuka, nasi tukamuaga kwa vigelegele.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu.

Nitasema kweli: kwanza niliwaza kunyamaza. Jumatano ijayo ningeweka sifuri yangu sawasawa, watoto wangeonekana wamepungua kidogo, watu wangelaumu joto. Nani angejua? Lakini Jumatano ijayo Bwana Mkubwa asingekuwapo. Nikamwona akilini, juu ya mafurushi, siku mbili barabarani, anazidi kuwa na adabu. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi mlangoni kwa nesi.

Alikuwa anakunywa chai, viatu amevua. Nilipomaliza kueleza, aliweka kikombe chini taratibu mno. Ningependelea angekivunja.

"Umepima wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Arobaini wanakaa karibu, nitawapitia nyumba kwa nyumba. Aliyetolewa kwenye orodha ni mmoja." Akaanza kuvaa viatu. "Beba mizani. Maneno yako hayataaminiwa, hata mimi nisingeyaamini. Na kama lori limeondoka, usirudi hapa kunieleza. Lifuate."

Nikamfunga binti mgongoni, mizani nikaipachika begani, nikatoka mbio. Nilipita karakana ya baiskeli, nikapita mashine ya kusaga iliyotapika vumbi jeupe hadi barabarani, nikavuka mtaro juu ya ubao uliolegea. Mizani ilinigonga paja kila hatua. "Mgeni, unauza nini?" fundi viatu akaniuliza. Nikampita. Kooni nilikuwa na ladha ya chuma. Mgongoni binti alidhani tunacheza, akawa anacheka kila ninapojikwaa, na kicheko chake kilinitisha kuliko kimya. Kilikuwa kizito, cha mtoto aliyeshiba, ambacho Bwana Mkubwa hakuwa nacho. Nilihesabu hatua, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilipofika kwenye kona ya mwisho nilisikia injini inawaka.

Lori lilikuwa bado limesimama, wanawake wameketi juu ya magodoro na vyungu. Mama Bwana Mkubwa aliniona kwanza, akacheka.

"Umesahau kunipa kadi?"

"Shuka, dada. Mtoto hajapona."

"Asubuhi umesema kilo saba."

"Nilikosea. Nilimpima pamoja na mfuko."

Dereva akachomoza kichwa dirishani. "Siku hizi mifuko nayo inapelekwa kliniki?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Bwana Mkubwa hakucheka tena. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyerudisha mali, hajui amshukuru au ampige. Akashuka.

Nilitundika mizani kwenye mnyororo wa nyuma ya lori. Nikaweka mfuko mtupu, nikazungusha skrubu, mshale ukalala kwenye sifuri. Nikamwambia ahakikishe. Hakujua kusoma namba, lakini aliinama akahakikisha. Kisha akamweka mwanawe mwenyewe, hakunipa mimi. Bwana Mkubwa alikaa kimya, miguu inaning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Hapo ni wapi?" aliuliza.

"Sita na nusu. Wiki iliyopita, sita na mia saba."

"Kwa hiyo anashuka."

"Anashuka, dada."

Dereva hakuwa na mzaha tena. "Mama, mimi naondoka. Nafasi yako kule atapewa mwingine."

"Apewe," akasema, na kuvuta furushi lake likaanguka vumbini.

Tulirudi kwa miguu. Alitangulia, nami nikambebea furushi nyuma yake. Nilitamani anitukane. Alikuwa amepoteza kazi na wenzake kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mtoto wangu alilia na mimi nikawa na haraka.

Zahanatini, nesi aliyekwisha kurejea kutoka nyumba za kwanza alimpapasa Bwana Mkubwa tumbo, akamkagua macho, akafungua pakiti. Huo ulikuwa mtihani wenyewe: akila, tutamtibu hapa, akikataa, ni hospitali ya mbali, na njiani lolote laweza kutokea. Alinikabidhi pakiti. Nikachota kidogo kwa kidole, nikampaka mdomoni. Akageuza uso. Nikajaribu tena. Akafumba midomo. Mama yake alishika ukingo wa meza. Mara ya tatu ulimi ukatoka, mdogo, mkavu, ukaonja. Ukarudi ndani. Ukatoka tena.

Nesi alishusha pumzi. "Kesho asubuhi nitampima mwenyewe."

"Apime huyu," mama yake akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu aliyekosea?"

"Huyu ameshaogopa. Wewe bado hujaogopa."

Nesi akasogeza kadi ya mtoto mbele yangu. Nikachota tena, nikanyosha kidole. Bwana Mkubwa alinikunjia uso kama mtu aliyecheleweshewa haki yake, kisha akafungua kinywa.