Furushi Lisilo na Uzi

Kwa miaka miwili nilikuwa nikipiga pasi kofia za lesi kwa Shangazi Mari-Job, na katika muda huo wote sikuwahi kumuuliza mteja swali hata moja. Sikuona haja. Furushi lililofungwa kwa uzi mweupe ni la furaha: kofia inatiwa wanga wa viazi, inapigwa pasi mpaka inasimama kama karatasi, na mabawa yake mawili yananyanyuliwa juu ya masikio. La uzi mweusi ni la msiba: kofia haitiwi wanga, inachovywa kwenye kahawa hafifu ili weupe wake ufifie, na mabawa yanaachwa yaanguke mabegani. Ndivyo wanawake wa Lanvrizan wanavyofanya tangu enzi zile mji wetu ulipokuwa ukiishi kwa kufuma kitani, ukapata jeuri ya kujenga kanisa kubwa kuliko watu wake. Hapa mwanamke akikatiza uwanjani, ukimtazama kichwa tu unajua kama amefiwa, na kama anaweza kuposwa tena.

Kazi hiyo ilinifaa. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipougua, na mbele ya watu maneno hunikauka mdomoni. Shangazi alikuwa akisema ulimi wangu nimeuacha kwa baba, zizini, pamoja na ng'ombe. Majuma machache kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu aliniambia pia kwamba mpiga pasi asiyeuliza ni hatari kuliko pasi yenyewe, na kwamba nikiharibu kofia moja tu kwa sababu ya haya zangu, nitarudi kukamua. Nilijua hatanii. Nami niliipenda ile meza: harufu ya kitani kibichi kikikutana na moto, na vile vijiti vya mabua makavu ya shayiri ninavyovipenyeza kimoja kimoja chini ya mikunjo ili isimame. Kwa baba hakukuwa na kitu cha kunyoosha.

Jumatano kabla ya sikukuu nilikuta furushi dirishani, halina uzi wowote. Lesi yake niliitambua mara moja. Ilikuwa kofia ya Bleunvenn, mjane wa Alar, yule fundi wa kuezeka mapaa. Shangazi alikuwa ameenda mahali pa kufulia. Nilitakiwa kuvuka uwanja nikaulize, ni hatua sitini tu, lakini mbele ya kilabu wanaume walikuwa wakishusha mapipa ya pombe ya matufaha, na wale hawamwachi msichana apite hivi hivi. Juma lililotangulia waliniuliza kama huwa nalipwa kwa kunyamaza. Nilifika mlangoni mara mbili, mara mbili nikarudi.

Basi nikahesabu. Alar alikufa wakati wa kuvuna matufaha, na mavuno ya tatu tangu afe yalikuwa yameshapita. Msiba wetu ni miaka miwili. Anayempenda sana marehemu, au anayemwogopa sana mama mkwe, hufanya mitatu. Nikajiambia kwamba kwa vyovyote vile umekwisha. Nikaifua kofia mpaka kahawa yote ikatoka, nikaianika kwenye nyasi, nikaitia wanga. Sijawahi kutengeneza nyingine nzuri kama ile. Jumamosi alikuja Janed, mama mkwe wake Bleunvenn, akapokea furushi likiwa limefungwa ndani ya karatasi, akaondoka bila kulifungua.

Jumapili asubuhi tulikuwa tukivaa ndipo Shangazi akauliza ile ya Bleunvenn nimeichovya kahawa mara ngapi. Nikamwambia sikuichovya. Akaketi kitandani na soksi moja mguuni.

"Nani alikuambia uitie wanga?"

"Hakuna."

"Ulimuuliza?"

Nikatikisa kichwa. Alifumba macho kidogo. Sote tulijua maana yake: kofia ya sikukuu ya Bleunvenn ni hiyo moja tu, hakuna mwanamke wa Lanvrizan anayefuata maandamano ya mtakatifu kichwa wazi, na wanga hautoki kwa kupulizwa. Ama Bleunvenn abaki ndani siku ya sikukuu, ama atoke na kutangazia mji mzima jambo ambalo hakulisema.

"Nenda kwao," Shangazi alisema. "Na utasema wewe, si mimi. Tukitoka kanisani tutazungumza habari za ng'ombe."

Nilivuka uwanja sijui vipi. Janed alikuwa amekaa karibu na meza, kofia mapajani, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Bleunvenn alisimama kando ya meko, tayari ndani ya gauni lake jeusi la mahameli, nywele zimechanwa na hazijafunikwa.

"Huyu hapa," alisema Janed. "Haya binti, tuambie. Mchumba pia umeshamtafutia, au hiyo kazi umetuachia sisi?"

Miguu ilitaka kugeuka. Nikaizuia.

"Furushi halikuwa na uzi," nikasema. "Ilibidi nije kuuliza. Niliona haya kupita mbele ya wale wanaume, nikakisia. Kosa ni langu, Shangazi hakujua."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema kwa mkupuo nje ya nyumba yetu. Janed akaguna kwamba uzi lazima ulianguka njiani, na kwamba hata mtoto angeuliza.

"Haukuanguka, mama," alisema Bleunvenn. "Sikulifunga."

Janed akamgeukia.

"Nilishika mweusi, mkono ukakataa. Nikashika mweupe, nikakufikiria wewe. Nikalipeleka hivyo hivyo. Nilisema waamue wao wenye pasi."

Kengele ya kwanza ilianza kulia kanisani. Janed aliitazama kofia, akamtazama mkwewe.

"Miaka mitatu tunakula meza moja," alisema polepole, "halafu neno kama hili unaenda kuiambia kofia?"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Wenzako ndivyo wanavyofanya."

Kisha sauti yake ikashuka. Akasema kwamba tangu Pasaka alikuwa akitaka kumwambia aiache ile kofia ya kahawa, lakini aliogopa Bleunvenn angeona anafukuzwa nyumbani kwa marehemu. Akasema Alar alikuwa mwanawe, naam, lakini yeye hakupanga kumfukia mtu wa pili. Bleunvenn akafunika uso kwa viganja. Hakulia kwa muda mrefu, kwa sababu kengele ya pili ilianza.

"Kaa chini," Janed alimwamuru. "Na wewe, usisimame kama mlingoti. Nishikie pini."

Alimfunga kofia mwenyewe. Alidai bawa la kulia limekaa juu kuliko la kushoto. Halikuwa hivyo, lakini nililisogeza.

Katika maandamano watu walikuwa wakitazama kichwa cha Bleunvenn kuliko bendera ya mtakatifu. Janed alitembea bega kwa bega naye, kidevu juu, na mke wa mwoka mikate alipoinamia sikio lake kuuliza, alijibiwa kwamba katika nyumba ile mambo huamuliwa kwa wakati wake. Alasiri wapiga zumari walipopanda juu ya mapipa, Herri wa kwenye kinu alizunguka uwanja kwa dansi mbili nzima kabla ya kupata ujasiri. Bleunvenn alicheza naye mara moja. Iliyofuata alicheza na mama mkwe wake, na katika hiyo ndipo alipocheka.

Shangazi alinikuta kwenye kibanda cha chapati nyembamba za unga mweusi. Alikula yake yote, siagi ikimchuruzika, mimi yangu ikipoa mkononi.

"Kukamua hutarudi," alisema mwishowe. "Janed amenisimulia. Anasema hukunisingizia. Lakini kuanzia kesho mafurushi utayafuata wewe, mlango kwa mlango, na kila mmoja utamuuliza anatakaje."

Nikauliza kama hata wale waliokwisha kufunga uzi wao.

"Hao hasa."

Jumatatu nilianza kwa mke wa mwoka mikate. Alinipa furushi, mimi nikabaki pale pale, nikamuuliza. Alinitazama kana kwamba meza imesema. Kisha akavuta viti viwili, akaanza tangu harusi yake, na nilipotoka pale ilikuwa saa sita kasoro.